Mshipi Mwembamba wa Baba

Mshipi wa kuvulia una harufu yake. Kabla haujaingia majini hunukia plastiki mpya iliyokaa juani, harufu tamu kidogo, kama ya mwanasesere anayetolewa kwenye boksi lake. Juzi niliingia duka moja hapa Nizwa kununua kamba ya kuanikia nguo, na harufu ile ikanipokea mlangoni. Mwenye duka alikuwa anapanga mishipi kwenye rafu, myembamba juu, minene chini. Aliponiona nimesimama naitazama akaniuliza kwa Kiarabu nataka upi, mwembamba au mnene. Nilitoka bila ya kamba, nikakaa ndani ya gari mpaka nikaweza kuendesha. Nanyi nakuelezeni kwa nini, maana watoto wangu sijawaeleza bado.

Tulikuwa tukikaa Ibra. Baba alizaliwa Unguja mjini, akaletwa Omani kijana, na kazi yake ilikuwa kuchora ramani za barabara katika ofisi ya serikali. Alikuwa na mkono mzuri. Mstari anaouchora Baba ulikuwa hautikisiki, na nyumbani hata keki ya Idi alikuwa akipewa yeye aikate. Lakini starehe yake ilikuwa Sur, pwani, siku za mapumziko, juu ya majabali nje kidogo ya mji, na mshipi wa mkono. Fimbo za kuvulia hakuzitaka. Aliupitisha mshipi juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, akafumba macho, na baada ya muda akasema, "Huyu anachezea tu." Au, "Huyu mdogo, mwache." Mara nyingine aliniita, akakiweka kidole changu karibu na chake, nami nikasikia kitu kinagonga kwa mbali, pole pole, kama mtu anayebisha hodi na hataki kumwamsha mgonjwa.

Mdogo wake, Ami Hilali, alikuwa akimcheka. Yeye alivulia mshipi mnene, ule unaoweza kufunga mbuzi. "Changu wa mawe ana meno, kaka," alikuwa akisema. "Mshipi wako huo uzi wa kushonea. Kila siku unawalisha samaki ndoana."

"Mnene hausemi kitu," Baba alimjibu. "Unavuta, unavuta, hujui unavuta nini."

Nilikuwa na miaka kumi Baba alipopatwa na kiharusi. Ilikuwa asubuhi, anakunywa kahawa, na kikombe kikamponyoka. Akakitazama pale chini kama anayeshangaa nani kakiangusha. Alipotaka kusema, maneno yakatoka upande mmoja wa mdomo. Mama alimpigia simu Ami Hilali, wakambeba, nami nikabaki na wadogo zangu nikifuta kahawa iliyokuwa imeshakauka kwenye marumaru.

Alirudi kutoka hospitali akitembea kwa kuburura mguu. Maneno yalirejea kidogo kidogo, mazito. Mkono wa kulia ndio uliokataa. Ulikuwa pale, mnene kidogo kwa uvimbe, umelala juu ya paja lake kama kitu alichopewa amshikie mtu. Mtu wa hospitali aliyekuwa akija kumfanyisha mazoezi alimgusa vidole kimoja kimoja akimuuliza kama anasikia, naye akajibu, "Kidogo. Leo zaidi kuliko jana." Mama akasema alhamdulillahi. Wageni wakija kumwangalia wakauliza, Baba akawajibu vilevile, kidogo, inakuja, inshallah. Wageni wakiondoka aligeukia ukutani. Alikuwa akilala vile mchana kutwa. Chakula kikaingia na kutoka. Penseli zake Mama alizitia kwenye kabati, kisha akazitoa akaziweka mezani tena, kisha akazitia. Nyumba yetu ilijaa watu watano na hakuna aliyethubutu kufungua redio.

Basi fikirieni furaha ya asubuhi ile alipokaa kitandani mwenyewe akasema, "Nipelekeni Sur."

Mama alikimbia jikoni. Akapika mkate wa kumimina, akatia chai kwenye chupa, akavaa abaya yake nzuri kama tunakwenda harusini. Wadogo zangu wakapelekwa kwa jirani. Ami Hilali akaja na gari, na njia nzima alikuwa akizungumza peke yake, vichekesho vya zamani, huku akimchungulia kaka yake kwa pembeni.

Pale majabalini bahari ilikuwa imetulia na maji maangavu, unaona mpaka mwani. Ami akamkalisha Baba juu ya jiwe bapa, akakata vipande vya ngisi, akatia chambo kwenye ndoana ya mshipi wake mnene, akampa.

Baba akatikisa kichwa. "Wangu."

"Kaka, wallahi leo chukua huu. Akija mkubwa huo wako utakukata. Mkono wenyewe bado…"

"Wangu, Hilali."

"Mama Zuwena, hebu mwambie mumeo!"

Zuwena ndiye mimi. Mama alikuwa anatandika mkeka. Alimtazama Baba muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Mpe anaoutaka."

Nilidhani ni ule ubishi wao wa siku zote, nami nilikuwa upande wa Baba. Ami akatia chambo kwenye mshipi mwembamba, akaurusha, akampa. Baba akaupokea kwa mkono wa kushoto. Akauinua ule wa kulia kama anavyoinuliwa mtoto mchanga, akauweka juu ya goti, akakunjua kidole cha shahada, akaupitisha mshipi juu yake, akauzungusha mara moja usiteleze. Kisha akafumba macho.

Tulikaa. Jua lilipanda, mawe yakaanza kuchoma kupitia mkeka. Mimi nilikaa karibu naye, macho yangu kwenye ule mshipi pale unapoingia majini. Nikauona unatikisika. Nikasubiri Baba aseme. Hakusema. Ukatikisika tena, ukalegea, ukanyooka, na mtu yeyote angejua kwamba kuna samaki anakula. Nikageuka kumtazama. Uso wake ulikuwa umekaza, jasho linamtiririka, amefumba macho kwa nguvu kama mtu anayesikiliza sauti nyuma ya mlango uliofungwa.

"Bado," akasema. "Bado hajaja."

Nilidhani labda kuna samaki mwingine anayemngojea, mkubwa zaidi, ambaye mimi simjui. Halafu ule mshipi ukaondoka. Ukaenda mbio kuelekea majini, ukiteleza juu ya kidole chake, na kile kibao ulichozongewa kikawa kinaruka ruka juu ya mawe.

"Bado," Baba alisema. "Bado."

Nikaona nyekundu kwenye kanzu yake. Mwanzo tone, kisha tone jingine, kisha goti lote. Mshipi ulikuwa unamkata kidole kama kisu kinavyokata jibini, naye amekaa, anangoja.

"Baba, damu! Baba!"

Alifumbua macho. Ami alikuwa ameshafika, akaudaka mshipi kwa viganja vyake, ukamkata na yeye, ukakatika. Samaki akaenda zake. Baba alikitazama kile kidole. Nyama ilikuwa imefunguka, unaona weupe ndani. Hakuguna, hakukunja uso. Alikuwa anakitazama tu.

"Sikusikia," akamwambia Mama.

"Tulia, nikufunge." Mama alikuwa ameshavua mtandio wake.

"Sisikii kitu. Tangu siku ile. Sijasikia hata siku moja."

Kisha, kabla hawajamshika, akaukamata ule mkono kwa mkono wa kushoto, akaupiga juu ya jiwe. Akaupiga tena. Sauti yake siwezi kukuelezeni. Alikuwa akiupiga na akiutazama usoni mwake, kama unaweza kusema mkono una uso, kama anayemlazimisha mtu ajibu. Ami akamkumbatia kwa nyuma. "Khalas, kaka, khalas, yatosha," huku naye analia kwa sauti. Mama alipiga magoti mbele yao, ameufunika ule mkono kwa kifua chake, ili akitaka kupiga tena ampige yeye. Hapo ndipo Baba alipoacha.

Tulirudi Ibra. Mkate haukuguswa.

Kidole kilishonwa, kikapona kikiwa kimepinda. Baba akarudi ukutani kwake, na safari hii hakujibu tena wageni. Muda ukapita, joto likapungua, na siku moja Ami Hilali alikuja kumsalimia. Mimi nilikuwa naleta kahawa nikamsikia Baba akisema, "Ijumaa tukienda, niletee ule mnene. Nitavua kwa kushoto."

Nilikaribia kuimwaga kahawa kwa furaha. Nilikimbia jikoni. "Mama! Baba amekubali! Anataka mshipi mnene! Ijumaa tunakwenda Sur!"

Mama alikuwa anachagua mchele. Mkono wake ukasimama ndani ya sinia. Akainua ncha ya mtandio, akaufunika uso wote, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilisimama pale na furaha yangu nisijue niiweke wapi.

Ijumaa tulikwenda kweli, na Baba akavua kwa mkono wa kushoto, mshipi ameufunga kiwikoni, na samaki akapata. Baadaye alijifunza kuandika kwa mkono huo, maandishi ya mtoto. Ramani hakuchora tena. Aliishi miaka mingi hivyo, akicheka mara chache, na watu wakisema mashallah, amepona.

Mimi nilifikiri Baba ameshindwa ubishi na mdogo wake. Mpaka nilipokuwa mtu mzima, Baba keshazikwa, ndipo nilipomuuliza Mama mbona alilia siku ile. Akaniambia kwamba alikuwa anajua tangu mwanzo. Jioni ya kwanza Baba alipotoka hospitali, yeye alikaa kitandani nyuma yake, akaushika ule mkono, akaubusu, akaubana, akaukuna kwa kucha, na Baba yuko macho, kageukia ukutani, na hakugeuka kutazama ni nani.

"Kwa nini hukumwambia kwamba unajua?" nilimuuliza.

"Nimwambie nini, mwanangu? Alikuwa anangoja mkono urudi. Mtu anayengoja huamka asubuhi. Alipotaka ule mnene nikajua hangoji tena. Na mimi nilikuwa nangoja kwa ajili yake."