Chungu cha Watoto Wangu Pacha Kilikuwa na Jina la Mtu Mwingine

Jamani, mtoto wangu wa miaka mitano aliwahi kunifichulia mwizi ndani ya jumba la sanaa, mbele ya watu, kwa kidole gumba.

Ilikuwa 1991. Mimi Nabututu, mfinyanzi, nilikuwa naishi mtaa wa Obunga na mume wangu Wepukhulu na pacha wetu, Mukhwana na Mulongo.

Mwaka uliotangulia niliwafinyangia hao watoto chungu cha midomo miwili. Kwetu hicho ndicho chungu cha pacha. Kabla udongo haujakauka, kila mmoja alibonyeza gumba lake shingoni.

Kikaibwa.

Wepukhulu akaniapia kwamba alimwona jirani yetu Zeituni akipita na furushi.

Weh, nilimkomesha! Zeituni alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, anauza maandazi. Nilimwita mwizi hadharani, nikawaambia wateja wake wachunge mikono yake, mpaka akawa anarudi nyumbani na beseni limejaa. Na nilifurahi, sitaficha.

Sasa siku moja nikawapeleka watoto jumba moja la sanaa pale mjini, maana watoto waliingia bure. Tumefika tu, Mukhwana akachomoka mbio hadi kwenye chungu cha midomo miwili.

"Mama, hii ni yetu! Gumba yangu ndiyo hii!"

"Mama, shika hao watoto!" mlinzi akafoka. "Hapa haiguswi kitu!"

Nikainama. Alama mbili za gumba, shingoni. Kando yake kadi imeandikwa: Mfinyanzi, Bwana Wepukhulu.

"Unamjua huyu?" nikamuuliza mlinzi, nikimwonyesha lile jina.

"Huyo ni fundi kabisa! Alikileta mwaka jana, amevaa suti, akapigwa picha ya gazeti."

Suti hiyo niliipiga pasi mimi! Aliniambia anaenda mazishi Bondo.

Sikupiga kelele. Hasira yangu niliibeba hadi Jumapili, nikaalika chai wanakwaya wenzake Wepukhulu wa kanisani. Walipokwisha kukaa, nikamwekea Wepukhulu bonge la udongo mezani.

"Baba Mukhwana, watu wamesikia wewe ni fundi. Hebu waonyeshe."

Jasho lilimtoka. Alifinya, akapinda, kikatoka kitu kama ndala iliyotafunwa na mbwa.

"Baba, hiyo ni nini?" Mulongo akauliza.

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Wepukhulu akakiri yote: alitaka jina gazetini, na ile habari ya furushi alitunga. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Halafu nikamkumbuka Zeituni, na kicheko kikaniisha.

Nikaenda kwake, nikapiga magoti mlangoni. "Dada, nisamehe. Mwizi ni Wepukhulu."

Hata hakushangaa. "Najua. Nilimwona akikitoa chungu, amekifunga na shuka yako ya maua."

"Na hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulikuja ukiwa umeshaniita mwizi." Akageuza maandazi kwenye mafuta. "Nikasema sawa, wacha alale na mwizi wake. Kila asubuhi ukinitukana, mimi nilikuwa najua umetoka kitanda gani."



Nilidhani mimi ndiye bingwa wa kulipiza kisasi, kumbe mwenzangu alinilipiza mwaka mzima bila hata kupaza sauti. Ndugu zangu, ukiibiwa, uliza kwanza ndipo utukane, na uanzie kuuliza nyumbani kwako. Kikulacho ki nguoni mwako.