Reli Iliyosikiliza Mwanzo wa Ulimwengu

Redio ilisema kwamba ulimwengu ulipoanza ulitikisika, na huenda mtikisiko ule haujaisha. Mawimbi ya uvutano, ndivyo walivyoyaita. Ng'ambo, msomi mmoja alikuwa ametundika gogo la chuma ili ayanase mawimbi ya namna hiyo. Mume wangu, mwalimu wa shule ya kijiji, alizima redio akatoka nje kutazama reli.

Kijijini kwetu Issuna tulikuwa na chuma kimoja cha maana: kipande cha reli kilichoning'inia mbele ya ofisi ya kijiji. Kikigongwa alfajiri, sote tulikwenda shamba la ujamaa. Huku nyuma, uwele wangu ulikuwa unamezwa na magugu, na nilikuwa na watoto wa kulisha. Niliichukia reli ile kuliko kwelea kwelea, ndege wala uwele.

Mume wangu aliiomba reli ile ayasikilizie mawimbi. Mwenyekiti wa kijiji alikubali upesi, maana kijiji chetu kingekuwa cha kwanza wilayani. Reli ikahamishiwa darasani, ikafungwa kwa kamba ya katani. Ikawa marufuku kuigonga, na marufuku pia kupiga ngoma au filimbi. Mume wangu akabandika sikio. Alisikia ng'ombe wakipita, vinu vya majirani na tumbo lake mwenyewe.

Kesho yake hakuna aliyekwenda shamba la ujamaa.

"Hatujasikia reli," watu walimwambia mwenyekiti, na ilikuwa kweli. Kila mmoja alikuwa kwake, ameinama na jembe. Jirani mmoja kijana, ambaye siku zote hata salamu ilikuwa ya kuvutwa kinywani, alituletea maziwa.

"Shikamoo mwalimu. Sikiliza polepole tu. Haraka haraka haina baraka."

Nililima kama mwendawazimu. Ilibaki kona moja, mwenyekiti akaja.

"Mwalimu, umesikia nini?"

Mume wangu hakujua kudanganya. Ndicho nilichompendea, na siku ile nilikichukia. Nilimkodolea macho.

"Sijasikia kitu, mwenyekiti."

Alfajiri reli ikalia. Kona ile ikaliwa na magugu.

Mavuno yalipofika, majirani walituletea uwele, kila mtu ungo wake, kumshukuru mwalimu. Akakataa, eti utafiti haukupata kitu. Nikapokea mimi. Watoto wakashiba mwaka ule.

Mimi ni mzee sasa. Juzi juzi redio ilisema wameyasikia mawimbi ya uvutano. Si yale ya mwanzo kabisa, lakini ni ndugu zake. Mwalimu alikwisha kufa. Niliweka ungo chini, nikawaambia wajukuu wanyamaze wasikilize.

Wakasema hawasikii kitu. Nikawaambia babu yao naye alisema hivyo hivyo.