Suruali ya Kuchechemea

Usiku ule alionijia marehemu Mwalimu Salma, nililala nikiamini jambo moja bila chembe ya shaka: fundi mwenye mguu mfupi akishona suruali, nayo hutoka na mguu mmoja mfupi. Nililisikia kwa watu kwenye masomo ya usiku, nikalimeza zima zima. Mguu wangu wa kushoto ulisinyaa kwa polio utotoni, na hapa duniani sikutaka kazi nyingine ila ushonaji. Nikajiona nimeuvalisha mji mzima suruali za kuchechemea!

Mwalimu Salma alitufundisha usiku sisi vijana wenye ulemavu tuliokosa shule mapema. Habari za kazi hakuzimalizia ubaoni. Kila Jumamosi alimchukua mmoja wetu, akampeleka kwa mwenye kazi anayoitamani, akashike vifaa na kuuliza mwenyewe. Neema, asiyesikia, alipelekwa kwenye tanuri la mikate. Leo mikate yake ni laini, unaweza kuilalia. Baraka, asiyeona, alipelekwa kwa fundi redio, hajarudi mpaka leo. Iliyofuata ilikuwa zamu yangu. Mwalimu akaugua, tukamzika. Wenzangu wakashika kazi zao, mimi nikabaki na chumba changu, nikipiga soga na sufuria. Mjomba akanitafutia kazi ya kulinda geti la ghala. Asubuhi iliyofuata usiku ule ndiyo nilitakiwa kumpa jibu.

Basi nikaota niko darasani, mchana kweupe. Nimekaa kwenye dawati la watoto, magoti yananigusa masikio. Hayupo mtu. Naita majina ya wenzangu, sauti inanirudia. Kisha Mwalimu yuko mlangoni, chaki imemtapakaa kwenye mkono wa gauni.

“Bwana Maneno, uko tayari? Leo Jumamosi.”

Nataka kumwambia kwamba alikufa, naona si adabu. Nachukua gongo langu. Tunatembea, na ukuta wa darasa umekwisha, tuko sokoni. Meza zote tupu. Gongo linagonga chini, halisikiki. Mbele yetu cherehani, labda elfu, zinashona zenyewe, hazina mafundi.

“Umechagua nini?”

“Mjomba kaniahidi geti, Mwalimu.”

“Sikukuuliza umeahidiwa nini.”

Ndipo namweleza habari ya suruali. Yeye, aliyekuwa akicheka mpaka madirisha yanatikisika, hacheki.

“Nani alikwambia?”

“Watu.”

“Mafundi?”

Naanza kuzihesabu cherehani.

“Nenda kamuulize fundi. Mimi naishia hapa.”

Nageuka kumwomba twende wote, hayupo. Cherehani zote zinasimama kwa pamoja.

Niliamka mto umelowa. Nilitamani kumsimulia mtu, na chumbani hamkuwa na mtu. Nikasikiliza majogoo mpaka kukapambazuka, nikavaa, nikafika njia panda ya kwenda kwa mjomba. Nikaipita. Nikaenda sokoni kwa Mama Shani, fundi cherehani.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Unashonesha nini?”

“Sishoneshi. Nataka kujifunza, ila naogopa.” Nikamwaga yote, suruali, mguu na Mwalimu, bila kuvuta pumzi.

Mama Shani akatoa pini mdomoni, akanitazama.

“We mwanangu, nguo hupimwa kwa anayeivaa. Anayeishona hapimwi.”