Taa ni Nyekundu: Mwanamke anayepiga picha akianguka kutoka angani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado umelala juu ya nyasi za uwanja mdogo wa ndege, mwanamke mmoja amechuchumaa barazani nje ya banda, anazungumza na kamera mbili.

"Mmelala salama?" anaziuliza, huku akiondoa kitambaa.

Kamera hizo zimelala nje, ndani ya kikapu chenye kifuniko. Wenzake huacha zao ofisini kwenye kiyoyozi. Yeye hataki kusikia. Kioo kilicholala kwenye baridi, kikitolewa ghafla kwenye joto na unyevu, hutoka jasho, na lenzi ikishatoka jasho kazi ya siku imeharibika.

"Mteja ataonekana kama yuko ndani ya sufuria ya chai," anasema. "Sasa hapo utamwambia nini? Arudi juu?"

Uwanjani kila mtu anamwita Jicho. Ana miaka thelathini na tisa, na kazi ambayo akiieleza harusini, watu humwomba arudie wakidhani muziki umewaziba masikio. Anaruka kutoka kwenye ndege, kutoka kimo cha mita elfu nne, ili awapige picha watu wengine walioruka.

Wateja wengi ni watu wanaoruka mara moja tu maishani. Hufungwa kwa mikanda mbele ya mkufunzi, wawili kwa parachuti moja. Jicho huruka peke yake, uso kwa uso nao, na kwa sekunde hamsini hivi, kabla parachuti halijafunguka, wote watatu huanguka kwa kasi ya karibu kilomita mia mbili kwa saa. Sekunde hizo hamsini ndizo ofisi yake.

Anaivaa helmeti yake ili mwandishi wa makala haya aione vizuri. Juu imefungwa kamera ya video, mbele ya paji la uso ipo ya picha za mnato. Zote mbili uzito wake ni kilo mbili na robo. Lenzi zimewekwa umbali mmoja na kukazwa kwa utepe wa gundi zisisogee. Mikono haishiki kitu chochote, kwa sababu mikono ndiyo usukani. Picha anapiga kwa meno. Swichi ndogo yenye waya hukaa mdomoni, na kila anapouma, kamera inalia.

"Watu wanasema mimi mkimya kazini," anacheka. "Nitaongeaje na waya mdomoni?"

Chini ya kidevu upo mkanda mwekundu. Kamba ya parachuti ikinasa kwenye kamera, anauvuta na helmeti yote inakwenda zake. Hajawahi kuuvuta. Ila siku ikifika, hatafikiria mara mbili.

"Kamera inauzwa dukani. Kichwa hakiuzwi."

Koti lake lina mabawa, vitambaa vipana vinavyotoka kwapani hadi kiunoni. Akiyakunjua, anapunguza kasi. Akiyakunja, anashuka haraka. Mabawa hayo yameshonwa na mama yake mzazi, fundi cherehani wa miaka sitini na sita, ambaye katika miaka kumi na moja hajakanyaga hapa uwanjani hata siku moja.

"Kumshonea, nitamshonea," mama huyo alimwambia mwandishi kwa simu, sauti yake ikikatwa na mlio wa cherehani. "Mshono wangu hauwezi kumwangusha. Lakini kwenda kumtazama mtoto wangu akidondoka kama embe bovu? Mwanangu, hapana. Moyo wangu ni mmoja."

Kabla ya haya yote, Jicho alikuwa anapiga picha za pasipoti kwenye chumba chenye pazia la buluu. Siku moja alitumwa hapa kupiga picha za watu wakitua. Alipiga, akalipwa, akashindwa kuondoka. Alitaka kujua nyuso zile zilikuwaje huko juu, kabla hazijapangwa vizuri kwa ajili ya kamera. Akauza taa zake za studio, akajifunza kuruka. Marafiki walimwona amerukwa na akili. Ilimchukua miaka mitatu na miruko mia mbili kabla hajaruhusiwa kuvaa kamera.

Leo ana miruko elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Analipwa kwa mruko, na wingu likikaa juu ya uwanja, anakunywa chai na kurudi nyumbani mikono mitupu. Miruko yote ameiandika kwenye madaftari kwa kalamu ya buluu. Mmoja tu umeandikwa kwa nyekundu.

Huo ndio uliomfanya asilale vizuri jana.

Miaka mitatu iliyopita alikuja hapa mwalimu wa hesabu, mama wa miaka sitini na mitano, siku ya pili baada ya kustaafu. Alikuwa ametumia miaka thelathini na minane kuwaambia watoto wa watu wasiogope. Akaona naye sasa ajaribu maneno yake mwenyewe.

Wakati huo Jicho alikuwa na kamera moja tu, ya video. Kitufe cha kuiwashia kilikuwa kile kile cha kuizimia. Bonyeza, inarekodi. Bonyeza tena, inaacha. Asubuhi ile, kwa wasiwasi wa kutaka kila kitu kiwe sawa, alikibonyeza mapema, ndege ikiwa bado inapanda. Kisha akasahau. Walipofika mlangoni, mkono ukaenda wenyewe kama kawaida yake, ukabonyeza.

Mwalimu aliruka vizuri ajabu. Alicheka, akapunga mikono, akapiga kelele hadi sauti ikamkauka. Jicho alikuwa mbele yake muda wote, akijua ameipata video ya mwaka.

Walipokaa mbele ya kompyuta, video ilikuwa na dakika kumi na nane za magoti, buti na kisogo cha rubani. Mwishoni mlango ulifunguka, uso wa mwalimu ukaonekana, upepo ukavuma. Hapo kioo kikawa cheusi.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Jicho, na hata leo anaangalia pembeni akilisema hilo. "Yule mama akasema, 'Basi, mwanangu, kuteleza si kuanguka.' Kunifariji mimi! Nililia chooni."

Alimwomba aruke tena siku hiyo hiyo, bure. Mwalimu akakataa. Ushujaa aliokuja nao, alisema, ulikuwa wa safari moja.

Kumbe kisa hakikuishia hapo. Mwalimu alirudi nyumbani, akawasimulia wajukuu wake watano. Wakataka picha. Hakuna. Wakataka video. Wakaonyeshwa magoti. Tangu siku hiyo, kila bibi akifungua mdomo kusimulia lolote, la shule, la ujana wake, la bei ya sukari zamani, mmoja wao hudakia, "Kama ile ya kuruka, bibi?" na wote wanaangua kicheko. Kwa mtu aliyewafundisha watoto maisha yake yote kwamba jibu bila njia halipewi alama, utani huo uliuma.

Jicho alimpigia simu kila mwaka tarehe ile ile. Mwaka wa kwanza, hapana. Wa pili, hapana. Mwaka huu simu ilitoka upande wa pili.

"Jicho," alisema mwalimu, "nimepata ushujaa mwingine kidogo. Usiumwage huu."

Kosa lile lilileta desturi ambayo haipo kwingine, au angalau hapa wanajivunia kuwa ni yao. Pembeni mwa jicho lake la kulia, Jicho amefunga kitaa kidogo kinachowaka nyekundu kamera ikiwa inarekodi. Ndege ikikaribia kimo, mkufunzi huuliza kwa sauti, "Taa?" Yeye hujibu, "Nyekundu!" Na wote waliomo, rubani na wageni kwa pamoja, huitikia, "Usiguse!" Ilianza kama utani wa kumchokoza. Sasa hakuna anayeruka bila kuitikia.

Saa mbili mwalimu anafika, amevaa raba nyeupe na viganja amevikunja ngumi. Wingu nalo limefika. Limekaa juu ya uwanja kama mgeni asiyeona haya. Saa tatu lipo. Saa nne lipo. Mwalimu anaketi kwenye benchi, hanywi chai aliyopewa kwa sababu ngumi hataki kuzifungua.

"Anaogopa," ananong'ona mkufunzi, jitu la mabega mapana wanaloliita Kabati.

"Akiondoka leo harudi tena," anajibu Jicho. Anaangalia juu, na hajifichi. Anaomba waziwazi, midomo inacheza.

Saa tano kasorobo wingu linapasuka. Rubani anawasha injini.

Ndani ya ndege kelele ni kubwa. Mwalimu amefungwa mbele ya Kabati, macho ameyakaza ukutani. Kwenye mita elfu tatu na nusu, Kabati anapaza sauti.

"Taa?"

"Nyekundu!"

"Usiguse!" wanaitikia wote, na sauti ya mwalimu ndiyo kali kuliko zote.

Mlango unafunguliwa. Baridi inaingia kwa nguvu. Jicho anatoka kwanza, anasimama nje kwenye kikanyagio, mkono mmoja umeshika chuma cha juu ya mlango, uso umewageukia. Lazima aachie sekunde ile ile wanayoachia wao. Akiwahi, anawapoteza. Akichelewa, wanakuwa doa chini yake.

Na hapo, mazoea ya miaka mingi yakamsaliti. Mkono wake wa bure ukapanda kuelekea kwenye helmeti.

Haukufika. Mwalimu alinyoosha wake, akauchapa kofi la waziwazi, kofi la darasani kabisa. Midomo yake ilisomeka hata bila sauti: "Acha!"

Chezea mwalimu wewe! Kabati anayumba mbele, nyuma, mbele, na wote watatu wanaachia.

Mbinu, Jicho alikuwa ameeleza asubuhi, ni kuliweka jua mgongoni mwako ili limwangukie mteja usoni, kisha ushuke chini yake kidogo ili nyuma yake ubaki na anga tu. Anafanya hivyo. Anakunja mabawa, anashuka, anayakunjua, anatulia mita mbili kutoka kwa mwalimu. Anauma swichi. Anauma tena.

Kabati anamgusa mwalimu begani, ishara kwamba sasa anaweza kunyoosha mikono. Mwalimu anainyoosha, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anafungua ngumi. Viganja vimeandikwa kwa kalamu nene nyeusi. Cha kulia kimeandikwa NANI. Cha kushoto, MWONGO?

"Nilitaka kufa kwa kicheko," anasimulia Jicho baadaye. "Lakini nikicheka, swichi inatoka mdomoni, na ikitoka, upepo unaipeleka huko mgongoni. Nikacheka kwa pua. Machozi yakajaa ndani ya miwani. Nikauma, nikauma, nikauma."

Kwenye mita elfu moja na mia tano, parachuti la Kabati linafunguka na wawili wale wanaonekana kama wamevutwa juu. Jicho anajitenga pembeni, anashuka zaidi, anaweka shingo wima na kufungua la kwake. Anatua kabla yao ili awapokee kwa kamera. Mwalimu anatua kwa makalio, anacheka peke yake kama aliyefaulu mtihani asioutarajia.

Hawaendi kula. Wanakwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, wote wanne, rubani akiwemo. Hakuna anayevuta pumzi. Jicho anabonyeza.

Magoti yapo. Buti zipo. Mlango unafunguka. Mkono wa Jicho unajitokeza pembeni ya kioo, kofi linatua. Halafu anga. Anga buluu tupu, na katikati yake bibi wa miaka sitini na minane, mashavu yamejaa upepo, viganja vimefunguka, herufi zinasomeka hadi doa la wino.

Banda zima linapiga kelele. Kabati anafuta macho, anadai ni vumbi. Mwalimu anatazama mara tatu, kisha anauliza swali moja: "Inaweza kuchapwa kubwa kiasi gani?"

"Kubwa kama mlango," anajibu Jicho.

"Basi nichapie kama mlango. Nitaitundika sebuleni, mkabala na meza ya chakula. Wajukuu wajaribu kula bila kunyanyua macho."

Jicho analitoa daftari lake la zamani, anatafuta ule mstari mwekundu, na mbele ya mwalimu anaweka alama ya vema kwa kalamu ya buluu. Mwalimu anaiangalia, anachukua kalamu, anairekebisha kidogo. Mkia haukuwa mrefu vya kutosha.

Jicho hafichi fahari yake. "Wapo wanaoruka vizuri kuliko mimi, wengi tu. Lakini mimi nawapa watu sura yao ambayo hata wao hawakuwahi kuiona. Hiyo kazi naijua, na sioni haya kusema naijua." Ana mpango wa kuanza kufundisha mwakani. Wasichana wawili wameshamwomba. Somo la kwanza, anasema, litakuwa magoti, dakika zote kumi na nane.

Jioni anapita kwa mama yake, kwenye chumba cha kushonea chenye vipande vya vitambaa hadi chini ya kitanda. Anamwonyesha picha kwenye simu. Mama anavua miwani, anaivaa tena, anaisogeza simu mbali, anaisogeza karibu.

"Huyu ana miaka mingapi?"

"Sitini na minane, mama."

Mguu wa mama umeacha kukanyaga cherehani.

"Na hii nguo aliyovaa, wamempa wapi?"

"Ni ya uwanjani. Tunawaazima wageni."

"Imempwaya," anasema mama. "Tazama begani hapa. Na kiunoni imejaa upepo kama gunia. Mtu anapigwa picha ya maisha yake, mnamvika gunia?"

Jicho anaanza kujitetea, lakini mama hamsikilizi. Amekwishavuta utepe wa kupimia kutoka shingoni. Anasimama katikati ya chumba, anauzungusha kiunoni, kiunoni mwake mwenyewe, na kumkabidhi bintiye ncha.

"Shika hapo vizuri," anasema. "Halafu usome namba kwa sauti, mimi nitaandika. Mimi siruki na nguo ya kuazima."