Programu Iliyokataa Kurudisha

Hilda Bura hakuwa mtu wa kelele. Alianza kupiga chapa kwenye mashamba ya ngano ya serikali, na siku mashamba yalipouzwa na watu wakapunguzwa kazi, aliondoka na taipureta chakavu, ndiyo asante ya miaka yake yote. Akapanga chumba Katesh, karibu na stendi. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa kila mtu akawa na barua ya kupeleka Babati, makao makuu yake, na barua hizo zikapita mikononi mwake. Akanunua kompyuta. Mwaka 2011 akaongeza nyingine nne, mitumba kutoka Arusha, akasema sasa na yeye ataajiri.

Zile nne zilikuja tupu. Kila kitu kilikuwa kwenye ile ya zamani: programu, mipangilio ya printa iliyokubali kwa mbinde, mifano ya barua za kila aina, na kazi za wateja. Fundi wake alikuwa Vicent, mume wa mdogo wake Fabiola, mtu wa maneno matamu. Akamweleza kwamba hakuna haja ya kuzipanga moja moja. Zipo programu zinazonakili diski nzima kama ilivyo na kuifanya faili moja kubwa, kisha faili hiyo unaimwaga kwenye kila kompyuta, zote zinafanana.

Za kuchagua zilikuwa mbili. Moja ilitoka kwa Theodory, fundi wa Babati, kwenye CD: ya bure, ila ni herufi nyeupe tu kwenye kioo cheusi, na maswali mengi ya Kiingereza. Nyingine aliipakua Vicent mwenyewe. Hiyo ilikuwa ya bluu, ina vitufe vya kubonyeza, na juu imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni bure.

"Shemeji, hiyo ya Theodory ni ya kizamani," Vicent alisema. "Utaumia macho bure."

"Mimi sitafuti urembo. Hii yako inarudisha?"

"Sasa shemeji, kitu kilichoweza kuchukua kitashindwaje kurudisha?"

Hilda akakubali. Jibu lilikuwa la akili, na aliyelitoa ni shemeji.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Ndani ya ile kompyuta ya zamani kulikuwa na maneno ya Mzee Baltazar wa Gendabi. Mzee huyu ndiye aliyekuwa akisema slufay, yale maombi marefu ambayo wazee wa Kiiraqw huyasema mbele ya watu, kuombea mvua, mifugo na amani. Umri ulimzidi, kumbukumbu ikaanza kumtoroka, na mwanawe Felician, atakayeshika nafasi yake, alikuwa bado hajayajua. Basi kila siku ya mnada mzee alikuja dukani akasema, Hilda akaandika. Walipomaliza alimwambia, "Nakuwekea, binti."

Hilda alizaliwa Gendabi, alijua amepewa nini. Kwao mtu humwekea jirani ng'ombe. Jirani anakunywa maziwa, samadi anapeleka shambani, hakuna anayemuuliza. Siku mwenyewe akija, anarudishiwa ng'ombe wake na ndama waliozaliwa, basi. Ukimdai hata senti moja, hakuna atakayekuwekea tena hata kuku.

Programu ya bluu ilinakili vizuri sana. Mshale ulikimbia, faili ikaingia kwenye diski ya nje. Vicent, kwa furaha, akafuta kompyuta ya zamani ili zote zianze sawa. Halafu akabonyeza kurejesha. Kioo kikasema toleo la bure linahifadhi tu. Anayetaka kurejesha anunue leseni ya biashara, moja kwa kila kompyuta.

Hilda alisoma mara mbili.

"Huu ni wizi! Anachukua bure, anarudisha kwa kuuza? Vitu vyangu mwenyewe?"

"Shemeji, masharti yalikuwepo."

Yalikuwepo kweli, chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Na bei ya leseni ilizidi bei ya kompyuta zenyewe, na ilipwe kwa kadi ya malipo ya mtandaoni, ambayo Katesh nzima hakuna aliyekuwa nayo. Theodory alijaribu kuifungua faili ile kwa programu yake nyeusi ikashindikana, kwa kuwa ile ya bluu iliifunga kwa namna yake. Hilda akawaandikia wenye programu. Jibu lilikuja dakika ile ile, limeandikwa na mashine, linamshukuru kwa kuwa mteja wao mpendwa. Alitaka kuivunja kompyuta kwa ngumi. Watu gani hawa, wanaopokea amana wakiwa tayari wameshaipangia bei?

Siku ya mnada mzee akaja kuchukua maneno yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wazima?"

Hilda akamweleza yote. Mzee akasikiliza hadi mwisho.

"Maneno yamekufa?"

"Hayajafa. Yamo humu, wanataka tuyanunue."

"Huyo mtu anakaa wapi? Twende tukamwone."

"Ulaya, mzee."

"Ana wazee?"

"Hatuwajui."

Mzee akatikisa kichwa. Mtu asiye na wazee unamshtaki kwa nani? Akavuta kiti, akasema aandike upya. Hilda akakaa kwenye mojawapo ya zile kompyuta nne, ambayo Theodory alikuwa ameshaiwekea programu ya kuandikia. Mzee alianza vizuri, akaomba mvua, akaomba malisho, vidole vya Hilda vikimfuata. Alipofika mahali pa kuwataja waliotangulia, akasita. Akarudi nyuma kidogo, akaja tena, akasita pale pale.

"Endelea, mzee," Hilda alisema.

Mzee akamwangalia, si kwa ukali.

"Hapo sina tena, binti. Hapo nilishakuachia wewe."