Mikono ya Mama Chiriku

Mama Chiriku hakujua kutulia. Hata saluni kwake, mteja akishatoka, utamkuta anakunja taulo lililokwisha kukunjwa. Basi siku aliyoitwa tena shuleni, pale kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anainuka, anachungulia dirishani, anarudi, anamfunga binti yake kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Wifi, kaa," alisema dada wa mumewe. "Benchi halina miiba."

Alikuwa na sababu, jamani. Chiriku alibandikwa jina hilo kwa makelele yake ya utotoni, kabla homa haijamwachia masikio mazito. Sasa darasani alikuwa haambulii kitu. Mama aliomba mwalimu anayejua lugha ya alama. Kamati ya elimu ikamwita mtoto, afisa wake akamhoji, ikatoa mpango wake wa msaada: akae dawati la mbele, na walimu wapaze sauti. Hebu niambie, kiziwi anapona kwa kupigiwa kelele? Mama akaupinga mpango. Akazungushwa weee, njoo kesho, njoo wiki ijayo, mpaka karani wa elimu akimwona getini anajifanya anaongea na simu. Leo ndiyo mtoto angehojiwa upya. Mama akishindwa leo, hakuna kamati nyingine.

"Kinachonila roho ni kimoja," alimwambia wifi yake. "Mara ile Chiriku alijibu yote. Alijibuje, na nyumbani nikimwita hageuki?"

Wifi akamtazama kama anayetazama kichekesho. "Kwani hujui? Ulijibu wewe. Ulikaa nyuma ya afisa, na kila anachouliza mikono yako inamweleza mtoto. Nilikuona kutoka mlangoni, nikadhani unafanya makusudi."

Mama Chiriku akaitazama mikono yake. Saluni, mashine za kukausha nywele zikinguruma, yeye na mwanawe huongea kwa vidole, ishara zao wenyewe walizotunga kati ya ndoo na kioo. Mikono ilishazoea kumkimbilia mtoto bila kutumwa. Kumbe ndiyo iliyomponza. Aliona aibu.

"Basi nitabaki nje."

"Ukibaki nje hataingia, watasema ana deko. Ingia, umnyime mikono. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Wakaitwa. Afisa alivuta kiti mbele ya mtoto, na mama akakaa palepale pa siku ile, nyuma ya afisa. Safari hii aliikalia mikono, viganja chini ya mapaja.

"Asubuhi umekuja na nani?" afisa akauliza.

Chiriku akatazama mdomo wa afisa, kisha akatazama kwa mama. Hakukuta kitu. Akabahatisha: "Jumatano."

Swali la pili akajibu jina lake. Likaja la tatu. Macho yalikwenda kwa mama, yakashuka sakafuni, yakarudi kwa mama, yakiitafuta ile mikono kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta swichi. Kidevu kikaanza kumtetemeka. Mguu wa mama ulikuwa unapiga sakafu wenyewe, na kila kidole kilitaka kutoka. Alijichukia. Lakini hakuitoa.

Afisa akaweka kalamu chini. "Mbona mara ile alijibu?"

"Nilijibu mimi," mama akasema. "Kwa mikono. Wallahi sikujua."

Afisa akageuka, akamwona alivyokaa. Akaguna. Kisha akamwambia mwalimu mkuu kwamba dawati la mbele halitoshi, mtoto apewe mwalimu wa lugha ya alama, na wasimzungushe tena huyu mama.

Nje wifi alitaka kupiga kigelegele, akaona nyuso za wenzake, akakimeza. Chiriku hakumsogelea mama yake. Alitangulia peke yake, mkoba umemning'inia, na mama akamfuata kwa nyuma akitafuta la kumwambia, ila mikono ilikuwa imekufa ganzi.

Walipofika getini mtoto akageuka. Akauliza kwa vidole: mikono inauma?

Mama akaitikia kwa kichwa. Chiriku akatua mkoba chini, akaishika ile mikono, akaanza kuichua kidole kimoja kimoja, vile mama mwenyewe hujichua akishafunga saluni.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, ni kweli. Asiyemchelea naye hulia, tena getini, watu wakipita. Wifi akaokota mkoba, akawasubiri.