Nduaro wa Khitma ya Massoud

Tabia hakuwa mzaliwa wa Ushongo. Alitoka Pemba akiwa bibi arusi, akimfuata mumewe Massoud, aliyekuja kupiga dago, kambi ya wavuvi, upande huu wa Pangani na asirudi tena kwao. Mwanzoni wanawake wa pale walimshangaa, maana samaki wadogo hakuwa na habari nao. Lakini akiletwa papa, au jodari wa kubebwa na watu wawili, au chewa mwenye kichwa kama ndoo, Tabia alifunga kanga kiunoni, akashika shoka na kisu, na haukupita muda minofu ilikuwa imelala jamvini, safi, haina mfupa. Mkono huo aliurithi kwa mama yake. Massoud alipenda kusema mbele za watu kwamba yeye kazi yake ni kuvua tu. Anayemfanya samaki awe chakula ni mkewe.

Massoud mwenyewe alikuwa mvuvi wa mshipi, nyavu hakuzitaka. Aliwapenda wale wakubwa wa nje ya miamba, na zaidi ya wote nduaro, mwenye mdomo mrefu kama mkuki. Wakubwa walimponyoka mara nyingi. Kila alipoponyokwa alirudi nyumbani akicheka, akimwonyesha bintiye Azza viganja vilivyochanwa na mshipi.

Siku aliyokufa alikuwa na mdogo wake, Haidar, ndani ya boti ya faiba. Haidar ndiye aliyesimulia baadaye, vipande vipande. Walimnasa nduaro asubuhi, akawavuta mpaka nchi kavu ikapotea machoni. Wakapokezana mshipi hadi samaki akalegea, akaja ubavuni mwa boti akalala kama aliyekubali. Massoud akainama na kulabu. Hapo samaki akajikusanya, akaruka, akaangukia ndani ya boti, na ule mdomo ukampata Massoud chini ya mbavu. Haidar akampiga samaki kwa rungu, akawasha mashine, akaushika usukani kwa mkono mmoja na kaka yake kwa mkono wa pili. Massoud alisema neno moja tu njiani. Aliuliza kama samaki kafa. Haidar akamjibu kafa.

Watu walioikimbilia boti walimkuta Massoud na samaki wamelala ubavu kwa ubavu, wote wawili wamekufa, na samaki alikuwa mrefu kumshinda mtu.

Polisi walikuja kutoka Pangani, wakauliza yao, wakaondoka. Massoud akaoshwa, akakafiniwa, akasaliwa baada ya alasiri, akazikwa. Nduaro alibaki pwani kwenye barafu, hakuna aliyetaka kumgusa. Wengine walisema afukiwe mchangani. Wengi wao wakakubaliana arudishwe baharini.

Bi Khairat, jirani, ndiye aliyeipeleka habari hiyo ndani, Tabia alikokuwa amekaa mkekani ameanza eda. Tabia akauliza habari ya khitma. Bi Khairat akamwambia ndugu wa Pemba wako njiani, wa Tanga wameshaanza kuvuka kivuko. Mchele upo, nazi zipo, ila kitoweo hakuna, kwani boti zote zimelala kwa ajili ya msiba.

"Basi mwambieni Haidar aniletee samaki uani," Tabia alisema.

Wanawake wakasema haifai. Akaitwa Sheikh Nasri, imamu, naye akasema kutoka nje ya pazia kwamba mwenye eda hakukatazwa kazi ya nyumbani mwake, na samaki ni halali. Ila kama moyo hauwezi, asijilazimishe.

"Moyo hauwezi," Tabia alijibu. "Mikono itaweza."

Azza alikuwa amefika kutoka shule ya Usagara, Tanga, anakosoma. Alipotokea uani akamkuta mama yake amechutama mbele ya nduaro, shoka mkononi, alisimama kama aliyepigwa.

"Mama, huyu ndiye aliyemuua baba."

"Hakumjua baba yako," Tabia alisema. "Aliumia, akaruka. Baba yako ndiye aliyemwendea."

Kwanza aliuvunja ule mdomo, akampa Haidar akautupe mbali. Kisha akakata kama alivyozoea, ila polepole. Alipofika tayani akaikuta ndoana, na juu yake fundo la Massoud, lile la kuzungusha mara mbili ambalo Haidar hakuwahi kulijua vizuri. Akaliwekea kidole. Wanawake wakadhani atalia, lakini alikaa vile tu, mpaka nzi wakaanza kutua, ndipo akainua kisu tena.

Siku ya khitma nduaro alipikwa kwa nazi na ndimu. Tabia hakuonja, chumvi ilionjwa na Bi Khairat. Wageni walikula wakashiba, wakamwombea marehemu. Haidar alikaa mbele ya sinia mikono mapajani, kisha akaondoka akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Tabia akamjazia Azza sahani ampelekee ami yake. Azza, ambaye hakuwa amekula tangu afike, akaketi naye, sahani katikati yao. Mwishowe Haidar alimega tonge, akala huku machozi yakimshuka ndevuni. Azza naye akanyoosha mkono.

Haidar alirudi Pemba kwenye mikarafuu ya wazee wao, na baharini haingii tena. Tabia alibaki. Eda ilipokwisha, wavuvi waliona haya kumwita, basi siku aliyoletwa chewa mkubwa, Tabia alikuja pwani mwenyewe, akaomba shoka. Mpaka leo anakata. Ila nduaro hapelekewi. Wakimpata, humpitisha moja kwa moja hadi Pangani, na boti hukaa mbali na ufukwe wa Ushongo. Tabia anajua. Akiiona boti hiyo, humgeuzia mgongo yule aliye karibu naye asimwone uso, akasubiri mpaka mlio wa mashine uishe.